Mzaha wa Bata Bukini

Yako mambo mawili ambayo wenye elimu huyadharau upesi kuliko mengine, nayo ni udogo na mzaha. Kitu kikubwa hupewa heshima kabla hakijapimwa, na neno zito husikilizwa kabla halijaeleweka. Lakini kitu kidogo chenye kuchekesha hutakiwa kwanza kijieleze kwa nini kiko duniani. Mambo hayo mawili yakikutana mahali pamoja, dharau huwa maradufu. Ndivyo ilivyo kwa michezo midogo ya kompyuta inayotungwa na watu wachache wasio na kampuni kubwa nyuma yao, michezo isiyotaka kitu ila kumchekesha mchezaji kwa saa chache, kisha imwache aende zake. Watoto huicheza, watu wazima huicheza faraghani, na msomi akiulizwa habari zake hutabasamu akageuza mazungumzo. Walakini chini ya kicheko hicho limelala swali la maadili ambalo si dogo: Je, yafaa mtu kuufurahia uchokozi, hata kama mchokozwa ni picha tu?

Swali la namna hii halipimwi vema hewani. Hutaka mfano wa kulisimamisha. Tarehe 20 Septemba 2019 ulitolewa mchezo uitwao Untitled Goose Game. Jina lenyewe ni mzaha, maana yake ni mchezo wa bata bukini ambao haujapewa jina. Watungaji wake ni House House, kikundi cha marafiki wanne wa mji wa Melbourne katika Australia. Asili ya kazi yao ilikuwa picha ya bata bukini ambayo mmoja wao aliwapelekea wenzake katika mazungumzo yao ya kazi, akasema kwa utani kwamba yafaa watunge mchezo juu yake. Utani ule ukakua ukawa kazi, na kazi ikazaa kijiji kizima.

Kijiji hicho ni cha Kiingereza, safi na kitulivu, chenye bustani ya mboga, njia ya maduka, nyua za majirani na kilabu cha pombe. Watu wake hawana ugomvi na mtu. Mchezaji naye ni bata bukini. Hana silaha, hana uchawi, wala hana mfalme wa kumwokoa. Aweza kutembea, kukimbia, kuinamisha shingo, kupiga mbawa, kushika kitu kwa mdomo wake, na kulia kwa sauti ya kukera. Amepewa orodha ya shughuli, mfano wa orodha ya mtu aendaye sokoni: aingie bustanini, amloweshe mtunza bustani kwa maji, amwibie funguo, aitupe reki yake ziwani. Akiisha kumaliza hayo huenda kwenye maduka, na huko mojawapo ya kazi zake ni kumfanya mtu anunue tena mali yake mwenyewe, na nyingine ni kumfungia kijana mwoga katika kibanda cha simu. Muziki unaomfuata ni wa kinanda, umetokana na tungo za Mfaransa Claude Debussy, ukapangwa na Dan Golding kwa namna ya kwamba bata akinyata nao hunyata, akikimbizwa nao hukimbia, na akisimama kutazama, nao hunyamaza.

Kabla mwaka ule haujaisha, mchezo huo ulikuwa umekwisha kununuliwa zaidi ya mara milioni moja. Mwaka 2020 ulipewa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika tuzo za D.I.C.E. huko Marekani, ukaishinda michezo iliyotengenezwa kwa jasho la mamia ya watu. Ili uzito wa jambo hili upate kuonekana, yafaa kukumbuka kwamba mwaka 2023 hati zilizofikishwa mahakamani Marekani zilidhihirisha kuwa mchezo mmoja mkubwa, The Last of Us Part II wa mwaka 2020, uligharimu kiasi cha dola milioni 220. Mchezo huo ni hadithi ndefu ya kisasi na damu, umetengenezwa kwa ustadi mwingi, na kila unyasi ndani yake huyumba kama unyasi wa kweli. Haukukosa wapenzi. Lakini watu wale wale waliokuwa na uwezo wa kuingia katika dunia za fahari kama hizo walikubali pia kuwa bata, wakaiba reki, wakaitupa majini, wakacheka mpaka machozi. Ni kitu gani kiliwavuta?

Jibu la kwanza ambalo huja mdomoni ni uchovu. Husemwa kwamba watu wa zama hizi wamechoka kwa kazi na kwa habari mbaya, na kwamba mchezo mwepesi ni mkeka wa kujinyoosha. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Mtu aliyechoka aweza kulala, na usingizi hauuzwi. Tena michezo mingine ya jamii hii hii haipumzishi hata kidogo. Mwaka 2008 Bennett Foddy, msomi wa falsafa kutoka Australia, alitunga mchezo uitwao QWOP. Mchezaji hupewa mkimbiaji wa mita 100 na vitufe vinne vya kompyuta: viwili vya mapaja na viwili vya miguu chini ya magoti. Jambo ambalo mtoto wa miaka miwili hulifanya bila kufikiri hugeuka kuwa elimu ngumu. Mkimbiaji hupiga hatua moja, huyumba, hupinda mgongo, huanguka kichwa mbele. Mchezaji huanza tena, naye huanguka tena. Hakuna mapumziko katika kazi hiyo, na hata hivyo watu wengi mno walifika kuanguka, wakawaita na jirani zao waje waanguke pamoja nao.

Jibu la pili ni la mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, ambaye mwaka 1651 alieleza kwamba kicheko ni utukufu wa ghafula: mtu humwona mwingine katika upungufu, hujiona yeye ni bora, na furaha ya ubora huo humtoka kinywani kwa sauti. Kama Hobbes asema kweli, basi kesi ya bata bukini ni nyepesi, na hukumu yake ni mbaya. Mchezaji humcheka mtunza bustani kwa kuwa amemzidi akili, na starehe yake yote ni starehe ya mwonevu.

Na shitaka hilo lastahili kusimamishwa kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa. Mtunza bustani ni mfanyakazi. Aliamka asubuhi, akavaa kofia yake, akaenda kupalilia. Hakumkosea bata wala mtu. Ameibiwa funguo zake, amelowa maji, reki yake imo ziwani, na maadamu yeye ni mtu wa haki katika kijiji cha haki, hapana hata kisingizio cha kusema kwamba alistahili. Katika ngano za Waswahili, Sungura humdanganya Fisi kwa sababu Fisi ni mlafi, naye Abunuwasi huwatia aibu wakubwa na matajiri kwa sababu wamejivuna. Hila zao ni namna ya hukumu, na msikilizaji hucheka akiwa upande wa mnyonge. Bata bukini hana udhuru huo. Wala haifai kujitetea kwa kusema kwamba mtunza bustani ni picha. Tangu zama za Plato wenye hekima wameonya kwamba moyo huumbika kwa mambo unayoyafurahia, na kwamba aigaye ubaya kwa mchezo huenda akauzoea kwa kweli. Waswahili nao wana neno lao fupi juu ya jambo hilo: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hilo ndilo shitaka. Yeyote atakaye kuitetea michezo hii hana budi kulijibu, wala haitoshi kulicheka.

Mtetezi huanza kwa kuutazama ubaya wenyewe. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi, aliweka mpaka ambao haujapata kung'olewa: kitu cha kuchekesha ni kosa au upungufu usioleta maumivu wala maangamizi. Katika kijiji cha bata hapana mtu anayelala njaa kwa sababu ya wizi wake. Reki iliyotupwa ziwani haimwondolei mtu riziki. Hakuna damu, hakuna kilio, hakuna hata tusi. Watungaji wamechagua hasara kwa mizani ya mfua dhahabu: kubwa kiasi cha kukera, ndogo kiasi cha kusahauliwa kabla ya jioni. Kweli, mara chache mizani hiyo imeguswa kidogo. Iko kazi moja ambayo bata hulia kwa ghafula wakati mtunza bustani anapogongelea kibao, naye hujipiga nyundo kwenye kidole gumba. Iko nyingine ya kumwangushia mtu mwenye maguvu ndoo kichwani. Hapo maumivu yameingia, na mtu mwenye moyo laini huenda akasita. Lakini kusita kwake ni ushahidi kwamba mpaka upo na kwamba mchezaji anauona. Moyo uliozoea ubaya haungesita.

Walakini mpaka wa Aristotle haulimalizi shitaka. Wapo wachokozi wa kweli katika dunia ya kweli ambao hawamwagi damu, nao hufanya maisha ya wenzao kuwa machungu kwa mambo madogo madogo ya kila siku. Tena bata hapati faida katika wizi wake. Mwizi wa njaa ana hoja. Huyu huiba reki na kuitupa. Je, uovu usio na faida si ndio uovu ulio safi kuliko wote? Mtetezi hulazimika kutafuta mahali pengine tofauti iliyopo baina ya utundu na uovu.

Mahali hapo Waafrika wa Mashariki wamepajua zamani, nao wamepaita utani. Mwaka 1940 mtaalamu wa mila A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ambayo ndani yake mtu anaruhusiwa, na mara nyingine analazimishwa, kumfanyia mwenzake mzaha, na mwenzake halazimiki kukasirika. Mwaka 1944 R. E. Moreau akachapisha uchunguzi wake juu ya desturi hiyo katika Tanganyika. Lakini msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa na wageni jambo alilolelewa ndani yake. Babu humwita mjukuu wake mke au mume mwenza, na mjukuu humjibu kwa kumcheka meno yaliyong'oka. Mtani huja msibani, hulala mahali pa maiti, huigiza mwendo wa marehemu, na wafiwa hucheka katikati ya machozi. Mtani huchukua kitu cha mtani wake mbele ya macho yake, wala hapana atakayekwenda barazani kushitaki. Kitendo kile kile kikifanywa na mgeni, kisu huchomolewa.

Ni kitu gani basi kinachokifanya kitendo kimoja kuwa utani na kitendo kingine kuwa jeuri? Ukiuchunguza utani, utaona kwamba umesimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kujua: pande zote mbili zinajua kwamba huu ni mzaha. Figa la pili ni kupokezana: anayecheka leo atachekwa kesho, wala hana haki ya kununa. Figa la tatu ni mwisho: mzaha una saa yake na mahali pake, na ukiisha, kila mtu hurudi katika heshima yake na kila kitu hurudi kwa mwenyewe. Likiondolewa figa moja, chungu humwagika. Mzaha usiojulikana kuwa mzaha ni udanganyifu. Mzaha usiopokezana ni uonevu. Mzaha usio na mwisho ni utumwa. Methali ya usaha haikukusudiwa utani wenye mafiga matatu. Ilikusudiwa mzaha uliopoteza mojawapo.

Bata bukini na apimwe kwa kipimo hicho. Mara ya kwanza huonekana ameshindwa, kwa kuwa wanakijiji hawakukubali kuwa watani wake. Lakini wanakijiji hawakubali wala hawakatai, hawacheki wala hawalii. Ni picha zinazokwenda kwa amri ya programu. Watu wa kweli katika mchezo ni wawili: aliyeutunga na anayeucheza. Kama upo utani, uko baina yao. Na mtu akiutazama mchezo kwa jicho hilo ataona kwamba anayechekwa zaidi si mtunza bustani. Mchezaji amejificha kichakani kwa dakika kumi akisubiri funguo, amenyata, amenyosha shingo, amezishika, na wakati huo huo, kwa kitufe alichokibonyeza kwa bahati mbaya, amelia kwa sauti kuu. Mtunza bustani amegeuka, amezichukua funguo zake, amemfukuza. Mtu mzima mwenye shahada na madeni ameshindwa kuwa bata. Anacheka, na kicheko chake hakifanani na utukufu wa Hobbes. Kiko karibu zaidi na kicheko cha babu aliyetajiwa meno yake.

Hapa QWOP nao hueleweka. Mkimbiaji anayeanguka ni mchezaji mwenyewe. Hapana mwingine wa kuchekwa. Foddy aliuendeleza utani huo mwaka 2017 katika mchezo uitwao Getting Over It. Ndani yake mwanamume aliyekaa katika chungu cha chuma, miguu yake haionekani, hupanda mlima wa takataka kwa nyundo ndefu. Jina lake ni Diogenes, jina la mwanafalsafa wa Kiyunani ambaye husimuliwa kwamba alikaa katika mtungi na kuwacheka wakubwa. Kosa moja laweza kumrudisha chini alikoanzia, na kazi ya saa tatu ikapotea kwa kufumba jicho. Wakati huo sauti ya mtungaji mwenyewe husikika, tulivu kama ya mzee barazani, ikimpa pole ambayo ndani yake mna kejeli. Mchezaji hughadhibika, hutupa mikono, kisha hucheka, maana anajua kwamba ametaniwa na kwamba alikuja mwenyewe kutaniwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na asiyekubali kuchekwa hawezi kuwa mtani.

Kupokezana kuna upande wa pili, yaani mtungaji naye kukubali kuchekwa. Tarehe 1 Aprili 2014, siku ambayo Wazungu huitumia kwa kudanganyana, kampuni ya Coffee Stain ya Sweden ilitoa mchezo uitwao Goat Simulator, ambao ndani yake mchezaji ni mbuzi anayeharibu mji. Ulianza kama mzaha wa kazini. Katika kuutengeneza watungaji waliona makosa mengi ya programu: mbuzi hukwama ukutani, shingo yake hurefuka kama kamba, vitu huruka angani pasipo sababu. Waliondoa yale yaliyouzima mchezo usiendelee, wakayaacha yale yaliyochekesha. Fundi mwingine angeyaona makosa hayo kuwa aibu ya kufichwa. Wao waliyaweka mlangoni. Mtu anayemwonyesha mgeni wake tundu la paa lake mwenyewe huku akicheka amekwisha kuwa mtani wake.

Kutoka hapo sababu ya udogo nayo huanza kuonekana. Utani hutaka uso. Mtu hawezi kutaniana na wizara wala na benki. Kazi iliyogharimu dola milioni 220 haina ruhusa ya kuchekwa, kwa kuwa wenye fedha wanataka fedha zao. Kila neno la kuchekesha hupita katika mikono mingi, na kila mkono hulisugua mpaka makali yake yaishe. Watu wanne wa Melbourne hawakuwa na wa kumwomba ruhusa. Mzaha wao ulitoka vichwani mwao ukafika kwa mchezaji na joto lake, kama chapati iliyotoka kikaangoni. Mchezaji huhisi kwamba nyuma ya bata yupo mtu, na kwamba mtu huyo alicheka kabla yake. Huenda mvuto wa michezo hii uko hapo zaidi kuliko katika wepesi wake: katika dunia ambayo mashine nyingi husema na watu kwa sauti isiyo ya mtu, mtu amemfanyia mwenzake mzaha.

Lakini itakuwa kosa kuufanya udogo kuwa utakatifu. Mei mwaka 2013 Dong Nguyen, mtungaji mmoja wa Vietnam, alitoa mchezo mdogo kuliko hata huu wa bata, uitwao Flappy Bird. Ndege hupita baina ya mabomba; kidole kikigusa kioo, hupanda; kisipogusa, huanguka. Hapakuwa na zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2014 ulipendwa duniani kote, na ilitangazwa kwamba ulimpatia kiasi cha dola 50,000 kila siku. Kisha, Februari mwaka huo huo, Nguyen aliuondoa kwa hiari yake. Alieleza kwamba aliukusudia uchezwe kwa dakika chache wakati wa mapumziko, lakini umekuwa kitu cha kuwatia watu uraibu. Ulikuwa na uso wa mtungaji mmoja, na mchezaji alijua kwamba anachekwa kila ndege anapoanguka. Mafiga mawili yalikuwapo. Figa la tatu halikuwapo: mchezo haukuwa na mwisho. Nguyen, kwa kuuondoa, aliuwekea kwa mkono wake mwisho ambao hakuwa ameuweka katika kuutunga. Wengi walimshangaa mtu aliyekataa mali kama hiyo. Lakini mtani wa kweli humjua mwenzake anapoacha kucheka na kuanza kuumia, naye hunyamaza.

Bata bukini, kwa upande wake, ana mwisho. Kazi ya mwisho katika orodha yake ni kuchukua kengele ndogo katika mfano wa kijiji uliojengwa kwa kimo cha mtoto, kisha kurudi nayo kwake akipita kila mahali alipofanya fitina. Kengele hulia mdomoni mwake, wanakijiji wote humsikia, wote humkimbiza. Akifika, huitupa shimoni, na mchezaji huona kwamba shimo limekwisha kujaa kengele nyingine. Basi. Saa chache zimepita. Mchezo haumwiti arudi kesho, haumpi zawadi kwa kuingia kila siku, haumtishi kwamba atapoteza kitu akiuacha. Mchezaji huzima kompyuta yake akarudi katika heshima yake, kama mtani atokaye msibani.

Limebaki swali moja, nalo ni zito kuliko yaliyotangulia. Kama mchezo ni wizi wa mzaha katika kijiji tulivu, je, haumsahaulishi mtu wizi wa kweli ambao vijiji vingi tulivu vimejengwa juu yake? Ni ajabu kwamba watungaji wa mchezo wenyewe hawakulikimbia swali hilo. Katika mchezo wao wametaja kwamba uliundwa katika nchi ya Wawurundjeri, wenyeji wa mahali ambapo mji wa Melbourne umesimama, ambao hawakuitoa nchi yao kwa hiari. Na Januari mwaka 2020 walitangaza kwamba watalipa daima angalau asilimia moja ya mapato ya mchezo huo kwa vikundi vya wenyeji, kwa jina la kulipa kodi ya nchi wanayoikaa. Mtu aweza kubishana kama asilimia moja ni nyingi au ni chache. Wenyeji wenyewe ndio wenye haki ya kusema. Lakini kitendo hicho chaonyesha kwamba watu wale wale waliomfanya bata aibe reki walijua vema ni wizi gani unaochekwa na ni upi usiochekwa. Reki hutolewa majini ikaanikwa. Nchi iliyochukuliwa hairudi kwa kicheko. Hutaka deni litajwe na lilipwe.

Na huenda hicho ndicho kipimo kilicho bora kuliko vyote vya kumpima mcheza mzaha: je, ajua mahali pa kukoma? Wapo watu ambao kwao kila kitu ni mzito, nao hukasirika kwa reki. Wapo wengine ambao kwao kila kitu ni mzaha, nao huyacheka machozi ya jirani na kumwambia kwamba hana uvumilivu. Wa kwanza hawana raha, na wa pili hawana haya. Aristotle aliweka baina yao mtu ambaye utani wake una kiasi, akamhesabu miongoni mwa wenye wema wa tabia. Wala hakuona ni jambo dogo, maana alijua kwamba binadamu hawezi kuishi kwa kazi peke yake, na kwamba namna anavyocheka hufunua alivyo.

Kwa hiyo hukumu juu ya bata bukini haiwezi kuwa moja kwa watu wote. Anayemcheza ili ajizoeze kufurahia hasara ya mwingine, shitaka la Plato linamhusu, na bata hatamwokoa. Mtu kama huyo hutambulikana kwa jambo moja: mtenda akitendewa hudhani ameonewa. Mchezo ukimrudishia mzaha, yeye hukasirika. Anayemcheza kama mtani achezavyo, akijua kuwa ni mzaha, akikubali kushindwa na ndege wa picha, akiondoka saa ikifika, hana kosa la kujibu. Pengine ataamka kesho, amkute mtoto wa jirani ameificha kandambili yake moja chini ya ngazi, na badala ya kuita kiboko ataitafuta huku akitabasamu, akifikiri ni kitu gani cha mtoto huyo ambacho naye ataweza kukificha.